Wanza Aita Mwethya wa Joka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Wanza alikuwa na kazi nne. Alichota maji kwenye tangi, akafagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akauliza, "Mama, simu iko na chaji?" Kazi tatu za kwanza alizifanya akiwa nusu amelala. Ya nne aliifanya macho yamemtoka.

Mama yake, aliyeuza matunda kando ya barabara pale njia panda ya Kyumbi, alimpa simu kwa robo saa tu. Robo saa ikiisha aliitia kwenye mfuko wa aproni na kwenda zake, hata kama Wanza alikuwa katikati ya neno.

Robo saa hiyo Wanza aliitumia katika nchi ya Barazumba.

Usiitafute Barazumba kwenye ramani ya Kenya, utachoka bure. Ni nchi ya vitabuni. Kuna vitabu sita vinene vya joka aitwaye Mvukuto na malkia wake Nunza, na Wanza alivisoma vyote kwenye maktaba mjini Machakos. Vilipomalizika alijiona kama mtu aliyeondolewa sahani kabla ya kushiba. Basi watu wenye njaa ya namna hiyo walikuwa wengi, wakajikusanya katika kikundi cha simu wakakiita Baraza la Mvukuto. Humo walijitungia hadithi zao wenyewe za Barazumba, zile ambazo mwandishi wa vitabu hakuziandika. Kulikuwa na kijana wa Matuu, mwalimu wa Voi, na fundi cherehani mmoja wa Dodoma ambaye kila hadithi yake ilikuwa na nguo nzuri.

Kikundi kilianzishwa na Bi Rehana, mkutubi. Tarehe mosi ya kila mwezi aliwatupia sentensi moja tu. Waliiita kichokoo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukuchokoa mpaka uandike. Mwezi mmoja kichokoo kilisema, "Malkia amepoteza kiatu." Mwezi mwingine, "Leo imenyesha mvua ya chumvi." Masharti yalikuwa matatu. Hadithi isipungue maneno mia tano. Ifike kabla ya saa kumi na mbili jioni, siku ya mwisho ya mwezi. Na iwe kazi ya mkono wako mwenyewe.

Ukifanya hivyo uligongewa muhuri wenye alama ya ukucha wa joka. Na ukipata mihuri kumi na miwili mfululizo, bila kuruka hata mwezi mmoja, Bi Rehana alikupa mahali kwenye ramani ya Barazumba, mto au mlima au kisiwa, upaite jina utakalo. Ukikosa mwezi mmoja, unarudi kwenye sifuri.

Wanza alikuwa na mihuri kumi na mmoja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na alikuwa amebakiza hadithi moja tu ili awe na mlima.

Kichokoo cha mwezi wa tano kilipokuja, kilisema, "Mvukuto ameamka, na moto umekwisha." Wanza alikisoma, akacheka, akasema, "Hiki? Hiki ni cha dakika tano." Halafu akaenda kushughulikia mambo ya maana zaidi. Wiki ya kwanza aliuchora mlima wake. Wiki ya pili aliuwekea theluji, akaona ni baridi, akaifuta. Wiki ya tatu alijifunza kuandika "Mlima Wanza" kwa herufi za kupinda, na darasa zima la Gredi ya Sita likauzoea huo mlima kama vile wamewahi kuupanda.

"Na hadithi umeandika?" rafiki yake Linet alimwuliza.

"Linet, mtu anayejenga ghorofa utamwuliza kama amenunua kufuli?"

Siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na tisa, alikaa kuandika. Aliandika, "Mvukuto aliamka." Akayatazama maneno hayo mawili kwa muda mrefu. Akaona la pili halifai, akalifuta. Likabaki moja.

Jumamosi asubuhi Susu wake alimtuma apeleke maji ya kunywa kwenye shamba la mzee Musili. Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba, na Susu Syombua alikuwa mkuu wa mwethya. Mwethya ni watu wanaoitana kufanyiana kazi kwa zamu: leo tuko kwako, wiki ijayo mko kwangu. Aliyekuja kwako, nawe sharti uende kwake, na mwenye shamba anawapikia.

Siku hiyo walikuwa wanachimba matuta ya kuzuia maji kwenye mteremko. Kina mama ishirini walijipanga, kila mmoja na kipande chake, jembe juu, jembe chini, huku wakiimba nyimbo za kumtania mzee Musili kwamba suruali yake ina matuta mengi kuliko shamba. Kufikia saa sita mchana mteremko mzima ulikuwa umekatwa vizuri kama ngazi. Kisha sufuria ikafunuliwa. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ulifuka mvuke mpaka mbwa wa jirani akaja bila kuitwa.

Wanza alisimama na mtungi wake wa maji, akatazama.

"Kazi ya mwezi mzima," alijisemea, "kwa asubuhi moja!"

Aliyaona majembe, akazisikia nyimbo, akaiona sufuria. Yapo mengine hakuyaona, kwa sababu hiyo sufuria aliitazama sana.

Jumapili, siku ya mwisho, mama yake alitoka kanisani akapitiliza kwenye mkutano wa kina mama, akaacha simu nyumbani ikipata chaji. Susu alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Saa saba mchana watoto wanne walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa kina Wanza, kwenye kivuli cha tangi.

Wa kwanza alikuwa Linet, ambaye alipenda harusi kuliko hata waliokuwa wanaoa. Wa pili ni Kilonzo, golikipa wa shule, aliyekuwa na plasta kwenye goti kila siku ya mwaka. Wa tatu ni Raho, binti wa Warfa, mfanyabiashara wa mbuzi. Raho hakuwa na maneno mengi, lakini ungemwonyesha mbuzi akakwambia anaumwa tangu lini. Wa nne ni Jeff, aliyehamia Kyumbi kutoka Mlolongo na hakuacha mtu yeyote asahau.

"Niaje, Wanza?" Jeff alisema. "Nimeskia kuna food."

"Chakula ni baadaye. Kwanza kazi. Nimewaita mwethya."

Kilonzo akaangalia huku na huku. "Sasa majembe yako wapi?"

"Ni mwethya wa kuandika. Hadithi inataka maneno mia tano. Mtu mmoja atachoka. Lakini tukigawana, kila mtu maneno mia na ishirini na tano, tunamaliza kabla ya saa tisa. Jeff, wewe andika vile Mvukuto anaamka bila moto. Linet, andika taabu. Raho, andika taabu inazidi. Kilonzo, andika mwisho."

"Mimi sijasoma hivyo vitabu," Raho alisema.

"Ni joka. Ni kama mbuzi mkubwa, lakini anaruka."

"Na anakula nini?"

"Raho! Andika tu."

"Na wewe utaandika nini?" Linet akauliza.

"Mimi ni mwenye shamba," Wanza akasema, akaenda kupasha moto sufuria.

Simu ilizunguka kutoka mkono hadi mkono. Kila mtu aliandika kipande chake bila kusoma cha mwenzake, kwa sababu Wanza alisema kusoma kunapoteza muda. Walipomaliza aliwapakulia muthokoi. Na kwa kuwa mwethya wa kweli haulishwi kijiko kimoja kimoja, aliwapakulia mpaka sufuria ikalia. Sufuria yenyewe ilikuwa chakula cha jioni cha nyumba nzima, lakini hilo aliliweka pembeni kwanza. Akaandika kichwa juu ya hadithi, akaandika jina lake chini ya kichwa, akaituma kwenye Baraza la Mvukuto. Hakuisoma. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Simu ikaanza kulia. Ting. Ting. Ting ting ting.

"Wanza, umetuua!" aliandika kijana wa Matuu.

"Mimi nimelala sakafuni," aliandika mwalimu wa Voi. "Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Gauni lilikuwa na mikono mirefu ama mifupi?" aliuliza fundi wa Dodoma.

Wanza akashtuka. "Gauni gani?"

Ndipo akaisoma.

Katika kipande cha Jeff, Mvukuto aliamka, akakohoa, akaona moto hakuna. Basi akaenda kutia dizeli. Akajaza mapipa manane, lakini alipofika Mlolongo akasimamishwa kwenye mizani ya malori, akaambiwa uzito umezidi, arudi nyuma au ashushe mkia.

Katika kipande cha Linet, taabu ilikuwa kwamba siku hiyohiyo ni harusi ya Mvukuto. Mvukuto, ambaye kwa vitabu sita alikuwa dume, alivaa gauni jeupe lenye mkia wa mita arobaini, na mishumaa ya keki ikakosa wa kuiwasha.

Katika kipande cha Raho, Mvukuto alitazamwa ndani ya kope la jicho, akaonekana hana damu. Akapewa chumvi, akapewa maji, akatengwa na wenzake asiwaambukize. Hakupata nafuu. "Basi," aliandika Raho, "kwa kuwa si vizuri mnyama afe bure, akachinjwa vizuri, na nyama ikatosha kijiji chote."

Kisha katika kipande cha Kilonzo, dakika ya tisini, Mvukuto akapiga mkwaju wa penalti kwa mguu wa kushoto. Gooooo! Herufi o zilikuwa mia moja na nane.

"Raho!" Wanza akapiga kelele. "Umemchinja Mvukuto!"

"Ulisema taabu izidi."

"Na wewe Kilonzo, umemchezesha mpira akiwa nyama!"

"Nilijuaje? Mimi nilipewa mwisho. Mwisho ni bao."

Kabla Wanza hajajibu, simu ikalia tena. Ulikuwa ujumbe wa Bi Rehana, na huu haukuwa wa kikundi. Ulikuwa wake peke yake.

"Wanza, nimecheka mpaka mume wangu Ramzi akaja kuuliza kama naumwa. Lakini nina swali. Hadithi zako kumi na moja nazifahamu kama sauti ya jirani. Hii nasikia sauti nne. Je, ni kazi ya mkono wako mwenyewe? Nijibu ndiyo au hapana. Ukisema ndiyo nitakuamini, nitagonga muhuri wa kumi na mbili, na mlima ni wako."

Wanza akahisi masikio yanapata moto, wote uliompotea Mvukuto. Ndiyo ni herufi tano tu. Akaziandika zote tano. Akaweka kidole gumba juu ya kile kimshale cha kutuma, hakubonyeza, lakini hakukiondoa pia.

Nyuma yake watu wa mwethya walikuwa wameshasoma ule ujumbe, maana shingo zao zilikuwa ndefu.

"Sema ndiyo," Jeff akasema. "Halafu mlima tuuite Jeff Hills."

"Hills gani? Ni mlima mmoja," Linet akasema. "Na bila harusi yangu hakuna mtu angecheka. Uitwe Linet."

"Watu wamecheka kwa sababu ya bao," Kilonzo akasema.

"Mimi mlima sitaki," Raho akasema polepole. "Lakini mwethya ni zamu. Wiki ijayo unakuja kwetu, Wanza. Zizi la mbuzi halijafagiliwa siku nne."

"Ee! Na mimi uniandikie insha ya Kiswahili," Kilonzo akakumbuka.

"Na mimi unifulie," akasema Jeff. "Niko na soksi."

Katikati ya kelele hizo lango likalia. Susu Syombua aliingia na mkoba wake, akawasalimia wote kwa majina, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Kisha kifuniko cha sufuria kikasikika, kikainuliwa, kikarudishwa, kikainuliwa tena, kama vile mtu anampa muthokoi nafasi ya pili ya kutokea.

"Wanza!"

"Susu!"

"Nani amekula chakula cha usiku?"

"Mwethya, Susu."

Susu akatoka jikoni na ile sufuria tupu, kijiko mkononi. "Mwethya gani? Nimepita njia yote sijaona hata shimo la kupanda mhogo."

Wanza hakuwa na la kufanya ila kueleza. Alieleza kichokoo, na muhuri, na mlima, na vipande vinne. Susu alisoma hadi darasa la nne tu, na Wanza alitumaini kwamba mambo ya Barazumba yatampita juu ya kichwa. Hayakumpita. Susu akavuta kigoda, akakaa, akasema, "Nisomee."

Wanza akasoma. Pale kwenye mizani Susu alianza kutikisika. Pale kwenye gauni alijifunika uso na kanga. Nyama ilipotosha kijiji chote, Susu alimpiga Raho mgongoni akasema, "Huyu ndiye mtu wa maana hapa," na lile bao lilipofungwa machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Watoto nao wakacheka, hata Wanza, akadhani mambo yamekwisha.

Susu akajipangusa macho. "Nzuri sana. Sasa nisomee kipande chako."

Kicheko cha Wanza kikakatika. "Mimi... niliandika kichwa."

"Na nini?"

"Na jina langu."

"Aii! Jana kwa Musili ulileta maji. Kipande kirefu kuliko vyote kilichimbwa na nani?"

Wanza akafikiri. Akakumbuka suruali yenye matuta. "Mzee Musili mwenyewe."

"Na ule uzi uliofungwa kwenye vijiti toka huku mpaka kule uliuona?"

"Sikuuona."

"Utauonaje na macho yako yalikuwa kwenye sufuria? Musili na mimi tulikuwa kwenye ule mteremko siku mbili tukivuta uzi, ili kipande cha huyu kikutane na cha yule. Bila uzi, mvua ya kwanza ingeshuka na shamba lote. Wewe uliita watu bila uzi, hukushika jembe, na sasa unataka kusema shamba zima umelima wewe." Akanyoosha kidole kwenye simu. "Hapo umeandika nini?"

"Ndiyo," Wanza akasema kwa sauti ndogo.

"Umetuma?"

"Bado."

Susu alianza kukwangua sufuria kwa kijiko, taratibu, na ile sauti ya kukwangua ilikuwa mbaya kuliko maneno.

Wanza akaitazama Ndiyo yake. Alifikiria mihuri kumi na mmoja. Alifikiria miezi yote hiyo alipoandika kwa robo saa, robo saa, aproni ya mama ikimsubiri mlangoni. Akasema ndani ya moyo wake kwamba hakuna atakayejua. Halafu akageuka, akaona watu wanne wanaojua, na Susu wa tano. Akafuta herufi moja, na ya pili, mpaka zote zikaisha. Akaandika:

"Hapana, Bi Rehana. Ni kazi ya Jeff, Linet, Raho na Kilonzo. Mimi niliwapikia tu, na hata chakula alipika Susu. Naomba msamaha."

Akatuma haraka kabla moyo haujageuka. Akakaa chini akalia.

"Usilie juu ya simu ya mama yako," Susu akasema. "Itaingia maji."

Jibu la Bi Rehana lilikuja kwa sauti, na wote walilisikia. "Asante kwa kuniambia ukweli, Wanza. Hadithi hiyo nitaiacha kikundini, na majina ya wote wanne yatakaa juu yake, maana watu wameipenda. Lakini haitahesabiwa kwenye mihuri yako. Hiyo ni sheria, na siwezi kuipinda hata kwa mtu aliyenichekesha hivyo." Kisha akaongeza, "Sasa hivi ni saa kumi na dakika ishirini. Kichokoo kinafungwa saa kumi na mbili. Mimi sijasema kitu, nimetaja saa tu."

Wote wakamgeukia Wanza.

"Haraka!" Kilonzo akasema. "Tugawane tena!"

"Nyinyi," Susu akasema akisimama, "mmekula kwangu, mtaosha sufuria. Na mkimaliza kuna kuni za kupasua, maana chakula cha usiku kinaanza upya. Wanza, ingia ndani. Mlango ni huo."

Wanza akaingia chumbani akafunga mlango. Aliandika, "Mvukuto aliamka." Maneno yakakwama palepale pa Ijumaa. Nje alisikia Jeff akilalamika kwamba Mlolongo watu hawapasui kuni. Wanza akajiuliza: moto wa joka huenda wapi? Akajaribu kufikiria dizeli, akakataa, hiyo ni ya Jeff. Akafikiria ugonjwa, akakataa, huo ni wa Raho. Dakika kumi zikapita. Kisha akakumbuka jinsi alivyouchora ule mlima wiki tatu nzima, na uso ukamwaka kwa aibu, na pamoja na aibu likaja wazo.

Aliandika kwamba Mvukuto hakuibiwa moto wake. Aliumaliza mwenyewe kwa kujionyesha. Kila aliyepita aliambiwa, "Tazama!", na Mvukuto akatema ndimi tatu. Aliwasha sigara za askari, akachoma mahindi ya watu wasio na njaa, akaandika jina lake angani kwa moshi. Siku baridi kali ilipokuja Barazumba, na watoto wa malkia wakaanza kutetemeka, alifungua kinywa kikatoka kikohozi. Ilimbidi akae pangoni peke yake, akipuliza kaa moja dogo lililobaki tumboni, bila mtu wa kumtazama, mpaka likashika.

Haikuwa hadithi nzuri kuliko zake zote. Katikati ilichechemea. Alipohesabu maneno yalikuwa mia nne tisini na sita, ikabidi aandike kwamba baridi ilikuwa kali sana sana sana sana. Aliituma saa kumi na mbili kasorobo. Akafungua mlango akiwa amechoka kuliko siku yoyote aliyowahi kulima.

Matokeo ya mwezi yalitoka Jumanne, maana kila hadithi pia ilipangiwa nafasi. Hadithi ya mwezi ilikuwa ya yule mwalimu wa Voi. Ya Wanza ilishika nafasi ya kumi na nne kati ya kumi na tisa, nafasi ya chini ambayo hakuwahi kuishukia hata mara moja. Lakini chini yake palikuwa na ukucha mwekundu wa joka, wa kumi na mbili. Wale wengine wanne, ambao hawakuwa hata wanachama, walipewa zawadi iliyobuniwa siku hiyohiyo: kicheko cha mwaka. Jeff alitembea na habari hiyo shule nzima mpaka mwalimu wa zamu akamwomba apumzike.

Bi Rehana aliuliza mlima uitweje. Linet alisema sasa, baada ya mambo yote haya, mtu mwenye adabu angeuita Mlima wa Marafiki.

"Utaitwa Mlima Wanza," Wanza akasema.

"Hata aibu hauna!"

"Aibu nilikuwa nayo Jumapili. Huu nimeuchimba."

Jumamosi iliyofuata, saa moja asubuhi, Wanza alikuwa ndani ya zizi la mzee Warfa na ufagio, akilipa zamu yake. Raho alikaa juu ya ukuta akimwonyesha pembe za zizi alizoziruka bila kufagia. Insha ya Kilonzo Wanza alikuwa ameikataa, akamwambia atamsikiliza akiisoma, basi. Za Jeff, soksi jozi tano, zilikuwa tayari juu ya kamba, na nzi walikuwa wanazizunguka kwa mbali kwa heshima.

Susu alipita njiani na jembe begani akielekea kwenye mwethya wa siku hiyo. Akasimama kwenye lango la zizi.

"Unaendeleaje, mwenye mlima?"

"Susu, mbuzi ni wachafu."

"Nisikilizeni basi, hata wewe Raho huko juu. Kuitana si vibaya. Matuta, kisima, paa la nyumba, hizo ni kazi za kuitana, na aliyekuja anatajwa jina na anarudishiwa siku yake. Lakini iko kazi ya mtu peke yake. Hata uite kijiji kizima, hakuna atakayekutafunia chakula ukashiba wewe. Kusoma, kuandika, kufikiri, hizo unatafuna mwenyewe, na ukitafuna kidogo unasema nimetafuna kidogo. Ukisema uwongo juu ya kazi yako, umewaibia walioifanya, na wewe mwenyewe umebaki na njaa. Umenisikia?"

"Nimesikia, Susu."

"Vizuri." Susu akahamisha jembe bega la pili. "Na hicho kichokoo kipya kimekuja?"

"Kimekuja. Kinasema, 'Mgeni asiyejulikana amebisha hodi ikulu.' Jeff, Linet na Kilonzo wote wameanza muhuri wa kwanza. Raho pia."

"Raho ameandika nini?"

"Bado," Raho akasema kutoka ukutani. "Lakini mgeni ni daktari wa mifugo."

Susu akacheka, akaenda zake. Wanza akainama, akafagia pembe ya mwisho aliyokuwa ameiruka.